Maisha na Mlo Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali na Majibu

Maswali haya ni ya wanafunzi wa uuguzi, lishe na utabibu wanaojiandaa na mtihani. Yamefuata safari ya mgonjwa mwenyewe, tangu funda la kwanza la maji wodini hadi miaka ya mbele. Namba zimo na zinahitajika, lakini usizikariri peke yake. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hurudi nyumbani kwenye jiko lile lile na kwa watu wale wale waliomzoea alivyokuwa akila. Muuguzi aliyemfundisha mgonjwa bila kuuliza nyumbani kwake nani anapika, amefundisha nusu ya somo.

Swali la 1. Tofautisha slivu na baipasi. Kwa nini ni lazima ujue mgonjwa alifanyiwa upi kabla ya kumshauri kuhusu chakula?

Jibu: Mfuko wa chakula wa mtu mzima hubeba takriban lita moja hadi moja na nusu. Katika slivu, daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, unaobeba kati ya mililita 100 na 150. Njia ya chakula haibadilishwi: kinatoka kwenye mrija huo kwenda duodeni kama kawaida. Sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana wagonjwa wengi katika miezi ya mwanzo husema hawasikii njaa kabisa. Wengine huogopa wakidhani kuna kitu kimeharibika. Waambie mapema.

Katika baipasi hakuna kinachotupwa. Daktari hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko, duodeni yote na mwanzo wa utumbo unaofuata. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako Edward Mason na Chikashi Ito walianza kuifanya mwaka 1966, baada ya kuona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walibaki na uzito mdogo.

Sasa sababu ya kujua aina: duodeni ndiyo hasa hufyonza madini ya chuma na kalsiamu. Aliyefanyiwa baipasi ameiruka, kwa hiyo hatari yake ya kupungukiwa ni kubwa zaidi. Yeye pia ndiye anayesumbuliwa zaidi na sukari kushuka haraka utumboni (Swali la 6). Aliyefanyiwa slivu husumbuliwa zaidi na kiungulia.

Usichanganye haya mawili na puto, linalotolewa pia hapa Tanzania katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, hujazwa ndani ya mfuko wa chakula, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6. Likitolewa, mfuko unabaki kama ulivyokuwa, na mgonjwa anabaki na tabia alizojifunza katika miezi hiyo.

Swali la 2. Taja hatua za chakula katika wiki 6 za mwanzo, kwa kutumia vyakula vinavyopatikana sokoni kwetu.

Jibu: Siku moja au mbili za kwanza ni vimiminika vyepesi vinavyopitisha mwanga: maji, supu ya mifupa iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, chai ya rangi isiyo na sukari. Mgonjwa hunywa kwa funda dogo dogo, si kwa kugida.

Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vizito: maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi usio na sukari, uji mwepesi uliochujwa, supu ya samaki iliyosagwa na kuchujwa. Kosa la kawaida hapa ni kuegemea uji wa unga mtupu. Uji huo unateremka vizuri lakini hauna protini ya kutosha. Upikwe kwa maziwa badala ya maji.

Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa hadi kuwa laini: maharage au choroko zilizopondwa na kuchujwa maganda, samaki aliyepondwa na supu yake, yai lililopikwa laini. Mtori unafaa sana hatua hii, mradi nyama isagwe pamoja na ndizi na isibaki vipande.

Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vinavyotafunika: samaki wa kuchemsha asiye na miiba, kuku aliyeiva hadi kuachana na mfupa, mayai, maboga, parachichi kidogo, mchicha uliokatwa vipande vidogo. Baada ya hapo mgonjwa huongeza vyakula vya kawaida kimoja kimoja, ili kikimkataa ajue ni kipi.

Hospitali hutofautiana kwa siku chache katika ratiba hii. Katika mtihani andika mpangilio na sababu yake: mshono wa ndani unahitaji muda wa kupona, na chakula kigumu kikiwahi kinaweza kuleta maumivu, matapishi au kukwama.

Swali la 3. Kwa nini mgonjwa hashauriwi kunywa maji wakati wa kula, na atafikishaje lita moja na nusu kwa siku?

Jibu: Nafasi haitoshi vyote viwili. Maji yakijaza kijifuko, protini hukosa pa kuingia. Na chakula kikilowana mno huteremka haraka, mtu akasikia njaa mapema. Kanuni ni kusubiri dakika 30 baada ya mlo kabla ya kunywa. Kula kwenyewe kuchukue dakika 20 hadi 30, na kila tonge litafunwe hadi liwe rojo.

Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hospitalini wiki za mwanzo, hasa maeneo ya joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Mwambie atembee na chupa yake ya nusu lita na ahakikishe ameimaliza mara tatu kwa siku, funda baada ya funda, kati ya milo. Mkojo wa rangi iliyokolea, kizunguzungu akisimama na mdomo mkavu ni dalili za kumpigia simu muuguzi siku hiyo hiyo. Soda haifai hata ile isiyo na sukari, kwa sababu gesi yake hujaza na kuuma. Juisi ya miwa na madafu matamu yasihesabiwe kuwa maji.

Swali la 4. Mgonjwa wa miezi mitatu baada ya slivu anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Mpangie siku moja bila kutumia unga wa protini wa dukani.

Jibu: Swali hili huulizwa mara nyingi, na ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuandika "ale nyama na maziwa kwa wingi". Kwa wingi hawezi. Sahani yake sasa ni nusu kikombe hivi. Lazima uhesabu.

Asubuhi ale yai moja la kuchemsha, gramu 6. Saa 4 anywe taratibu glasi ya mililita 250 ya maziwa ya mgando yasiyo na sukari, gramu 8. Mchana ale kipande cha samaki chenye uzito wa gramu 60 kikiwa kimepikwa, gramu 13 hivi, na mboga vijiko viwili. Saa 10 jioni ale yai jingine, gramu 6. Usiku ale kuku gramu 60 bila ngozi, gramu 16, pamoja na maharage vijiko vinne, gramu 5. Kabla ya kulala anywe glasi nyingine ya maziwa, gramu 8. Jumla ni gramu 62.

Kama kuku ni ghali, tumia dagaa. Dagaa waliokauka karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na wakisagwa na kulika na mifupa yao hutoa kalsiamu pia. Waoshwe mchanga vizuri, wakaangwe bila mafuta, wasagwe, na unga wao uchanganywe kwenye maharage au mboga. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mno ushauri unaoanzia kwenye makopo ya unga yanayouzwa mjini kwa bei ambayo mgonjwa hawezi kuimudu zaidi ya mwezi mmoja. Akishindwa kuyanunua huona ameshindwa kila kitu, na hakuna aliyemwambia kwamba dagaa wa gengeni wangemtosheleza.

Utaratibu mezani ni mmoja siku zote: protini kwanza, mboga pili, wanga mwisho kama nafasi bado ipo.

Swali la 5. Kweli au si kweli: "Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito haruhusiwi kula ugali tena."

Jibu: Si kweli. Ugali, mkate mweupe na chapati husumbua miezi ya mwanzo kwa sababu hushikamana na kuwa donge, na donge hukwama kwenye njia iliyobanwa. Wali husumbua wengine, hasa ukiwa mkavu. Wengi huweza kuvirudia baadaye kwa kiasi kidogo. Tonge la ugali lisizidi ncha ya kidole gumba, litafunwe, na liliwe baada ya samaki au maharage. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa kuwa sembe imepoteza sehemu kubwa ya vitamini B1 pamoja na nyuzinyuzi wakati wa kukobolewa.

Kumwambia mtu asile ugali maisha yake yote ni kumtoa kwenye meza ya familia. Hatakutii, na atakuficha.

Swali la 6. Mgonjwa wa baipasi amekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na kula maandazi. Baada ya dakika 20 moyo unamwenda mbio, anatoka jasho, tumbo linamsokota na anaharisha. Eleza kilichotokea. Kingetokea nini kama dalili zingekuja saa mbili baadaye?

Jibu: Ni hali ambayo madaktari huiita dampingi. Kwa kawaida mlango wa chini wa mfuko wa chakula huachia chakula kidogo kidogo kwenda utumboni. Kwa mgonjwa huyu mlango huo umerukwa, kwa hiyo sukari nyingi imeshuka utumboni kwa mkupuo. Sukari huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia ndani ya utumbo, utumbo unatanuka, homoni nyingi zinamwagika, na dalili ulizosoma hapo juu zinafuata. Hii ni dampingi ya mapema, ndani ya saa ya kwanza.

Zikija saa moja hadi tatu baadaye, kisa ni kingine. Sukari iliyofyonzwa haraka imeamsha insulini nyingi kupita kiasi, na sukari ya damu sasa imeshuka. Mgonjwa anatetemeka, anachanganyikiwa, njaa inamshika ghafla, anaweza kuzirai. Mpime sukari. Ikiwa imeshuka na yuko macho, mpe sukari kidogo ya kumwinua, kisha mara tu baada ya hapo kitu chenye protini, kama yai au maziwa. Ukimpa soda peke yake utampandisha na kumwangusha tena.

Kinga yake ni milo midogo, protini kila mlo, sukari kuondolewa kwenye chai, na kutokunywa pamoja na chakula.

Swali la 7. Orodhesha vitamini na madini ya maisha yote, na mpangilio wa saa zake.

Jibu: Mgonjwa wa slivu na wa baipasi wote wanahitaji vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini kila siku, kwa maisha yao yote. Juu ya hapo kuna mambo manne.

Vitamini B12 huhitaji kiini kinachotengenezwa na seli za mfuko wa chakula ili ifyonzwe. Seli hizo zimeondolewa au zimerukwa. Hutolewa mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo kila siku, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, na huo ndio mtego wake: mgonjwa anajisikia vizuri, anaacha, na ganzi ya miguu inakuja muda mrefu baadaye ikiwa imeshaharibu mishipa ya fahamu.

Madini ya chuma ni miligramu 18 kwa mwanamume asiye na hatari nyingine, na 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi na kwa aliyefanyiwa baipasi.

Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu kwa kuwa mwili haufyonzi nyingi kwa mkupuo. Aina ya sitreti ni bora kwa sababu haihitaji asidi ya mfuko wa chakula. Ikipatikana kaboneti pekee, iliwe pamoja na mlo. Vitamini D ni yuniti 3,000 kwa siku, kisha hurekebishwa kwa kipimo cha damu. Jua letu halitoshi kuwa sababu ya kuiacha, hasa kwa anayeshinda ndani au aliyejisitiri mwili wote.

Vitamini B1 ni angalau miligramu 12, na kwa aliye hatarini 50 au zaidi.

Saa: chuma na kalsiamu hugombana, vitenganishwe kwa angalau saa mbili. Chai na kahawa huzuia chuma, kwa hiyo kidonge cha chuma kisimezwe na chai ya asubuhi. Kimezwe na maji, na kipande cha chungwa husaidia. Mtahini mzuri atakuongezea mtego: mgonjwa anatumia pia dolutegravir. Dawa hiyo hushikwa na chuma na kalsiamu. Imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, au vyote vimezwe pamoja na chakula. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, atenganishe kwa saa 4. Uliza dawa zote, na uliza faraghani, maana mgonjwa hatataja baadhi ya dawa mbele ya ndugu aliyemsindikiza.

Swali la 8. Kisa. Mwalimu wa kike wa miaka 41, wiki 7 baada ya slivu, ametapika karibu kila siku kwa wiki tatu. Ndugu wanasema ameanza kuyumba akitembea, anaona vitu viwili viwili na anajibu maswali kwa kuchanganyikiwa. Zahanati imetaka kumtundikia dripu ya dextrose. Toa maoni yako.

Jibu: Kisa hiki kinastahili nusu ukurasa wa mtihani na uangalifu wako wote wodini.

Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili hadi tatu tu. Mtu anayekula kidogo na kutapika huimaliza. Kuyumba, macho kutokwenda pamoja na kuchanganyikiwa ni dalili za ubongo kukosa B1, ugonjwa unaoitwa Wernicke. Si lazima dalili zote tatu ziwepo. Ukisubiri zikamilike utachelewa, na atakayepona anaweza kubaki na upotevu wa kumbukumbu wa kudumu.

Dextrose kabla ya B1 ni hatari. Mwili hutumia B1 kuchoma sukari, na sukari ya dripu itamaliza ile kidogo iliyobaki. Mpe thiamini ya kiwango kikubwa kwa mshipa kwanza, bila kusubiri majibu ya maabara. Maji yake yawe ya chumvi, si ya sukari. Ikiwa sukari yake ya damu imeshuka, thiamini na dextrose vitolewe pamoja. Kisha mpe rufaa haraka kwa timu ya upasuaji, kwa sababu matapishi ya wiki tatu yana chanzo, na chanzo chaweza kuwa njia iliyosinyaa inayohitaji kutanuliwa kwa kamera.

Uliza ndugu: wamesikia nini kuhusu kutapika? Familia nyingi huona matapishi kuwa sehemu ya kupungua, hata dalili njema kwamba "operesheni inafanya kazi". Nani aliwaambia kwamba si hivyo? Kutapika mara moja kwa sababu ya kula haraka ni jambo la kurekebisha mezani. Kutapika zaidi ya siku mbili au tatu mfululizo ni jambo la hospitali. Sentensi hiyo ifundishwe kwa mgonjwa na kwa kila anayeishi naye, kabla hajatoka wodini.

Swali la 9. Mgonjwa anaishi na wakwe, na familia hula sinia moja. Utamshaurije?

Jibu: Vitabu vingi vinavyofundisha somo hili vimeandikwa kwa watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Kwetu mambo ni tofauti. Kwenye sinia hakuna kipimo. Mtu hula kwa mwendo wa wenzake, na anayenyanyuka mapema huulizwa. Mgeni husukumiwa kipande kizuri upande wake, na kukikataa ni kumvunjia heshima aliyekitoa. Msibani na harusini pilau huja imeshapakuliwa, imejaa. Mgonjwa hatoki kwenye njia kwa ulafi. Mara nyingi anatoka kwa adabu.

Kwa hiyo mashauri yaanze na watu. Mwombe aje kliniki na anayepika, awe mke, dada, mama mkwe au msichana wa kazi, na umweleze yeye ukubwa mpya wa mfuko kwa kumwonyesha kikombe. Akishaona, mara nyingi huwa ndiye mlinzi mkubwa kuliko wote.

Pili, apakuliwe kwenye kibakuli chake na akae pamoja nao karibu na sinia. Kukaa pamoja ndilo jambo lenye uzito katika mila. Kiasi kinasameheka kikielezwa. Katika mtihani wa vitendo unaweza kutakiwa kumfundisha maneno. Mfano huu unatosha:

"Mwanangu, mbona hujala? Chakula changu leo hakina ladha?"

"Kitamu sana, mama, na nimeshiba. Daktari amenipa kipimo, nikizidisha natapika. Niwekee kipande hiki cha samaki, nitakila jioni."

Amesifu chakula, ametaja daktari, amekubali kipande. Hakutaja upasuaji, na si lazima autaje. Siri hiyo ni yake. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuambiwa wamekata tumbo kwa uvivu wa kufunga mdomo. Unene uliokithiri ni ugonjwa wenye mizizi katika homoni, urithi na mazingira, na anayesema vinginevyo mbele ya mgonjwa, hata akiwa mfanyakazi mwenzako, arekebishwe.

Jiandae pia na maneno ya mtaani. Kwa watu wengi wetu kukonda haraka bado kunahusishwa na maradhi au shida ya ndoa. Mgonjwa aliyepungua kilo 30 katika miezi sita ataulizwa sokoni anaumwa nini. Wengine hurudia kula ili kuwanyamazisha watu. Mwulize waziwazi: watu wanasemaje? Na nyumbani, mwenzi wako analichukuliaje?

Swali la 10. Mgonjwa Mwislamu, miezi minne baada ya baipasi, anauliza kama atafunga Ramadhani.

Jibu: Wataalamu wengi hushauri asifunge mwaka wa kwanza, kwa sababu maji na protini ya siku nzima haviwezi kuingia katika kijifuko chake kati ya magharibi na alfajiri. Mweleze hivyo, kisha mwachie suala la ruhusa ya dini yeye na shehe wake. Mgonjwa ana ruhusa, na wengi hutulia wakilisikia kutoka kwa mwenye elimu hiyo.

Miaka ya baadaye, akiwa mzima na vipimo vyake vizuri, anaweza kufunga kwa mpango. Afuturu kwa maji kidogo na tende moja, si tatu na glasi ya juisi. Asubiri, kisha ale supu au samaki. Kaimati na tambi za sukari ndizo zitakazomletea dampingi. Viazi vitamu, muhogo wa nazi na mbaazi ni vya kuonja baada ya protini. Maji ayanywe funda kwa funda hadi daku, na daku asiikose. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Akitetemeka au kuzidiwa, afungue.

Swali la 11. Uzito ukirudi, je, upasuaji umeshindwa?

Jibu: Uzito hupungua kwa kasi miezi sita ya mwanzo na hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili. Baada ya hapo kurudi kidogo ni kawaida. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Baada ya miaka 10, waliofanyiwa baipasi walikuwa bado chini kwa asilimia 25 ya uzito wao wa mwanzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji.

Mgonjwa aliyerudisha kilo 8 asipokewe kwa lawama. Chunguza: anakula kidogo kidogo kutwa nzima? Soda na chai ya sukari zimerudi? Karanga, chipsi na biskuti huteremka bila kujaza. Analala vizuri? Ameanza dawa mpya inayonenepesha? Kuna huzuni nyumbani? Njaa nayo hurudi baada ya mwaka wa kwanza, na wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba itarudi.

Swali la 12. Majibu mafupi.

*Dawa ya maumivu?* Parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, hasa baada ya baipasi, kwa kuwa huleta kidonda kwenye maungio. Sigara huleta kidonda hicho hicho. Mgonjwa aliseme hili duka la dawa kabla hajapewa mchanganyiko wa "mgongo na viungo".

*Vidonge vya shinikizo na kisukari?* Mahitaji hushuka ndani ya siku au wiki. Insulini na glibenklamidi zisipopunguzwa zitamwangusha. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe.

*Pombe?* Baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka katika mwaka wa pili, wakati ambao kliniki nyingi zimeshaacha kuuliza. Uliza.

*Nywele kudondoka mwezi wa tatu hadi wa sita?* Ni mshtuko wa kupungua haraka, na nyingi huota tena. Kagua protini na chuma, halafu mtulize.

*Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta?* Fikiria mawe ya nyongo, ambayo huongezeka mwili unapopungua kwa kasi.

*Mimba?* Isubiri miezi 12 hadi 18. Rutuba hurudi ghafla, hata kwa aliyekuwa amekata tamaa ya kuzaa, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea; kijiti au kitanzi ni bora. Akishapata mimba, asinyweshwe glukosi ya kupima kisukari, kwani italeta dampingi. Apimwe sukari ya kidole nyumbani kwa wiki moja, kati ya wiki ya 24 na ya 28.

*Vipimo vya damu lini?* Mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foliki, kalsiamu, vitamini D, figo na ini. Tarehe ya kipimo kinachofuata iandikwe kwenye kadi mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako.